Jeki ya laptopu, adapta, miksa au intafesi: monita zako uziunganishe wapi?

Mtoto wa ndugu yangu anakaa Kibokoni, Mombasa, ghorofani, chumba ambacho ukifungua dirisha unamsikia muuza kahawa akigonga vikombe vyake. Usiku mmoja alinipigia simu, sauti imemkauka. "Ami, hizi monita ni mbovu. Ustadhi haimbi."

Alikuwa amerekodi qaswida madrasa, akaimiksi kwa hedfoni wiki nzima, na ndiyo kwanza amenunua spika za studio. Nikaenda. Kweli bwana: matari yanalia, watoto wanaitikia kwa mbali kama wamo ndani ya kisima, mwangwi upo, lakini ustadhi mwenyewe, ambaye sauti yake ndiyo qaswida yote, hayupo. Nilipochungulia nyuma ya spika nikacheka. Alikuwa ametoa waya mmoja kwenye tundu la hedfoni la laptopu, pini ndogo ya stirio huku, pini kubwa ya stirio kule, akauchomeka kwenye monita moja "nijaribu kwanza".

Tundu la balansi la monita, yaani lile linalopokea nyaya mbili za sauti badala ya moja, hufanya hesabu ya kutoa. Linachukua kilichopo kwenye ncha ya pini, linatoa kilichopo kwenye pete yake. Sasa tundu la hedfoni linapeleka upande wa kushoto kwenye ncha na upande wa kulia kwenye pete. Chochote kilicho sawa pande zote mbili, yaani mwimbaji, besi, ngoma kubwa, kinatolewa chenyewe kwa chenyewe na kubaki sifuri. Kilichosalia ni zile tofauti za pembeni: matari, korasi, mwangwi. Spika ilikuwa nzima kabisa. Waya wa shilingi mia kadhaa ulikuwa karibu umrudishe dukani kugombana na watu.

Tangu hapo, mtu akiniuliza anunue nini cha kuunganisha monita na kompyuta, simjibu kwa jina la kampuni. Namuuliza mawili tu: unarekodi au unasikiliza tu? Na laini itakayotoka kwenye kompyuta kwenda kwenye spika itakuwa ya balansi au siyo? Zile namba za 192 kHz (sauti inapimwa mara elfu ngapi kwa sekunde) zilizopigwa chapa kwenye boksi hazijawahi kumtolea mtu mvumo kwenye spika.

Uangalie kwanza mgongo wa spika

Ukiingia dukani mjini ukasema unataka monita, utaonyeshwa skrini ya kompyuta. Sema spika za studio, mtaelewana. Karibu zote zinazouzwa kwa matumizi ya nyumbani zina amplifaya ndani: waya wa stima unaingia kwenye spika yenyewe. Kwa hiyo hazihitaji amplifaya nyingine, na ole wako uchukue ile amplifaya ya zamani ya sebuleni, utoe zile nyaya zake za spika, uzichomeke nyuma ya monita. Utaunguza tundu la kuingilia, na pengine amplifaya nayo.

Nyuma utakuta tundu la XLR, lile la pini tatu kama la maikrofoni. Utakuta tundu la jeki kubwa ya milimita 6.35, ya aina ya gitaa. Na kwenye baadhi, hasa zile ndogo za mezani, RCA nyekundu na nyeupe kama za deki ya DVD. Yamaha HS5, kwa mfano, ina XLR na jeki kubwa tu. PreSonus Eris E3.5 ina RCA na jeki kubwa nyuma, halafu tundu dogo la 3.5 mbele, tena amplifaya iko kwenye spika moja peke yake na ile ya pili inalishwa kwa waya wa spika. Tofauti hiyo ndiyo itakayokuambia ununue kebo gani, kwa hiyo piga picha mgongo wa spika kabla hujaenda kununua. Muuzaji atakuuzia chochote chenye pini mbili.

Halafu jifunze kuhesabu mikanda myeusi kwenye pini. Mkanda mmoja: pini ya mono, nyaya mbili ndani. Mikanda miwili: ama ni stirio ama ni balansi, nyaya tatu ndani. Pini ni ile ile. Tundu unalochomeka ndilo linaloamua zile nyaya tatu zinabeba nini, na hapo ndipo kijana wetu alipoteleza.

Tundu la hedfoni la kompyuta yenyewe

Hii ndiyo njia ya bure, na si mbaya kama watu wa intaneti wanavyoisema. Kebo sahihi ni ile yenye pini ndogo ya stirio upande wa kompyuta, inayogawanyika ikawa pini mbili kubwa za mono, moja kwa kila monita. Kama spika zako zina RCA, basi igawanyike ikawa RCA mbili. Basi. Usikubali kuuziwa kebo inayogawanyika yenye mikanda miwili kwenye zile pini kubwa, hata ukiambiwa ndiyo "orijino".

Nguvu ipo ya kutosha. Vifaa vya kitaalamu huzungumza kwa kiwango kinachoitwa +4 dBu, ambacho ni kama volti 1.23. Vya nyumbani huzungumza kwa −10 dBV, kama volti 0.32. Kati ya viwango hivyo kuna tofauti ya karibu desibeli 12. Tundu la hedfoni la laptopu, likifunguliwa juu kabisa, kwa kawaida hufika jirani na volti moja, yaani linazidi kile cha nyumbani na halikosi mbali kile cha kitaalamu. Monita nyingine, kama JBL 305P, zina swichi nyuma ya kuchagua kati ya viwili hivyo. Ukiwa na laptopu na sauti unaiona ndogo, iweke kwenye −10.

Kosa ninaloliona kila mara ni kinyume: laptopu imewekwa 20, monita zimefunguliwa hadi mwisho. Hapo spika inakuza uchafu wote wa laini pamoja na muziki mdogo. Geuza. Laptopu iweke 80 au 90, kisha uteremshe vitufe vya nyuma ya monita mpaka sauti ikae unapoipenda. Wengine wamenunua vifaa vipya kwa tatizo ambalo lilikuwa la sekunde tano.

Na uzime zile "nyongeza" za sauti ndani ya Windows, za kuongeza besi na kupanua stirio. Umenunua spika zinazosema ukweli, usiwawekee mkalimani. Zima pia milio ya arifa. Ting ya WhatsApp kwenye spika za inchi tano zilizofunguliwa si mchezo.

Kwa wenye kompyuta ya mezani, tundu la mbele na la nyuma si ndugu. La mbele limeunganishwa kwa waya mwembamba unaopita ndani ya boksi zima, jirani na feni na kadi ya picha, na unaokota kila kitu njiani. Nenda nyuma, tumia lile la kijani. Kijani ni la kutoa, bluu ni la kuingiza, la waridi ni la maiki. Meusi, machungwa na kijivu ni ya spika za sinema, yaache.

Udhaifu wa njia hii ni majirani. Chipu ya sauti inakaa nyumba moja na prosesa, diski na chaja. Unasogeza mausi, unasikia ziii. Unafungua faili kubwa, ziii tena. Na laini yake si ya balansi, kwa hiyo hicho kinachoingia njiani hakina wa kukitoa.

Kuna wanaoniuliza kuhusu kadi ya sauti ya kuchomeka ndani ya kompyuta. Enzi za Sound Blaster, iliyotoka 1989 kwa kampuni ya Creative ya Singapore, kadi kama hiyo ndiyo iliyokuwa tofauti kati ya muziki na tiit-tiit. Leo, kwa ajili ya monita, mimi sioni maana yake: unalipa pesa ili uweke saketi laini ya sauti mahali penye kelele nyingi kuliko pote ndani ya boksi, halafu nyingi zinakutolea vijitundu vile vile vya 3.5. Kama tayari unayo, itumie. Kununua, hapana.

Adapta ndogo ya USB

Kipande kidogo kama njugu, USB huku na tundu la hedfoni kule. Kinatoa kazi ya sauti nje ya boksi lenye kelele, na vingine ni visafi ajabu kwa bei yake. Kama tundu la laptopu yako limekufa, au limeshaanza ule mkwaruzo wa kutu, na wewe unasikiliza tu na kutengeneza biti kwa kibodi, hiki kinatosha.

Lakini laini inayotoka bado si ya balansi, na waya wa ardhi wa USB bado umefungamana na laptopu. Mvumo wa chaja utapita hapo kama kawaida. Na hakuna pa kuchomeka maikrofoni ya maana.

Miksa uliyonayo ya harusi

Mombasa hii, nyumba gani haina miksa chini ya kitanda? Kuna mjomba aliyekuwa didijei, kuna kikundi cha taarab kilichovunjika kikaacha vyombo. Kwa hiyo swali hili linakuja sana: niitoe laptopu kwenye miksa, miksa kwenye monita?

Inawezekana, na ina raha yake. Unapata kitufe cha sauti mkononi, unaweza kuchomeka simu, kinanda na laptopu kwa pamoja, na matundu makuu ya kutokea mara nyingi ni ya balansi. Tatizo ni kipande cha mwanzo. Laptopu kwenda miksa bado ni ile laini ya hedfoni, na uchafu ulioingia hapo miksa haiujui kuwa ni uchafu. Inaukuza kwa heshima na taadhima.

Miksa zenye USB zinaruka kipande hicho, na hapo mambo yanakuwa bora. Ila jua mambo mawili kabla hujatoa pesa. Nyingi za bei nafuu hutuma sauti ya biti 16 (kipimo cha sauti ya kidijitali, si biti ya muziki) na hurekodi njia mbili tu: unaweza kuwa na maiki nne, kwenye kompyuta zote zinaingia zimeshachanganywa kuwa stirio moja, na ukitaka kumpunguza mpiga tari peke yake kesho, imekula kwako. La pili ni mzunguko: kompyuta inarudisha sauti kwenye miksa, miksa inaipeleka tena kwenye kompyuta pamoja na maiki, kompyuta inairudisha tena. Kwanza unasikia mwangwi wa ajabu, kisha mlio unaopanda mpaka jirani anagonga ukuta. Tafuta kitufe kinachoamua sauti ya USB inaelekea wapi, uiweke iende kwenye spika na hedfoni tu, si kwenye mkondo mkuu. Kama miksa haina kitufe hicho, utahangaika nayo.

Kama unayo, itumie. Kama huna, usinunue miksa kwa ajili ya monita mbili.

Intafesi

Hiki ni kiboksi cha nje, kinachomekwa kwa USB, na kimetengenezwa kwa kazi hii hasa. Mbele kina tundu la maikrofoni lenye umeme wa volti 48 kwa maiki za kondensa, tundu la gitaa au kinanda, na kitufe kimoja kikubwa cha sauti ya monita. Nyuma kina matundu mawili ya jeki kubwa, kushoto na kulia, na hayo kwa kawaida ni ya balansi. Kwa kawaida, si kila mara: Focusrite Scarlett Solo za vizazi vya mwanzo zilitoa kwa RCA, wakati ndugu yake 2i2 ilikuwa na jeki za balansi. Ukinunua ya mkono wa pili, geuza uangalie mgongo kabla ya kutoa pesa.

Balansi ni ile ile hesabu ya kutoa iliyomfuta ustadhi, sasa ikifanya kazi yake halali. Waya mmoja unabeba muziki, wa pili unabeba muziki ule ule uliopinduliwa, au unabaki kimya lakini umefanana na wa kwanza kwa kila hali ya kiumeme. Kelele ikiingia njiani inazipata nyaya zote mbili sawasawa. Zikifika kwenye spika, moja inatolewa kwa nyingine: muziki unabaki, kelele inajifuta. Lakini lazima kebo iwe na nyaya tatu, ama jeki ya mikanda miwili kwa jeki ya mikanda miwili, ama jeki hiyo kwa XLR. Nimeona mtu kanunua intafesi nzuri, akaunganisha kwa kebo mbili za gitaa alizokuwa nazo. Sauti inatoka, ndiyo. Ila faida aliyoilipia kaiacha dukani.

Jambo la pili ni kuchelewa. Ukipiga kinanda au ukiimba huku unajisikia, kompyuta inakusanya sauti kwenye bafa kabla ya kuitoa. Bafa ya sampuli 512 kwa 44.1 kHz ni kama milisekunde 11.6 kwa upande mmoja, na kurudi nayo ina zake. Ya sampuli 128 kwa 48 kHz haifiki hata milisekunde 3. Kwenye Windows, tofauti hiyo hutaipata bila draiva ya ASIO, programu inayoipa sauti njia ya mkato, na intafesi nyingi huja na yake kutoka kwa mtengenezaji. Ipakue, isakinishe, kisha uichague ndani ya FL Studio au programu yoyote unayotumia. Kwenye Mac kazi hiyo mara nyingi inafanyika bila draiva ya ziada. Mimi hurekodi kwa 128, nikianza kumiksi na programu-jalizi zikawa nyingi napandisha hadi 1024, maana hapo hakuna anayeimba na kompyuta inapumua.

Biti 24 na 44.1 au 48 kHz zinatosha kabisa. Usimruhusu mtu akuongezee elfu kadhaa kwa ajili ya 192.

Ya mkono wa pili ijaribu hivi. Cheza wimbo, teremsha kitufe kikubwa mpaka sifuri, kisha kipandishe polepole sana. Sikiliza: upande mmoja unaanza kabla ya mwingine? Kuna kukwaruza? Vitufe vya bei nafuu vina hitilafu ya kwanza tangu kiwandani, na hewa yetu ya chumvi inaleta ya pili. Hitilafu ndogo chini kabisa unaweza kuishi nayo. Ikiendelea mpaka katikati, achana nayo.

Mvumo, ugonjwa wa nyumba zetu

Hapa ndipo uamuzi wenyewe ulipo, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Stima yetu ni volti 240, mizunguko 50 kwa sekunde. Ukisikia mmmm nzito isiyobadilika hata muziki ukisimamishwa, ni hiyo stima, kwa 50 Hz au mara mbili yake, 100. Njia yake ya kawaida ni hii: laptopu imefungwa kwenye ardhi kupitia pini ya tatu ya chaja, monita zimefungwa kwenye ardhi kupitia pini ya tatu ya plagi zao, halafu wewe unaziunganisha tena kwa waya wa sauti. Umetengeneza duara. Mkondo mdogo unazunguka humo, na kwa kuwa kwenye laini isiyo ya balansi ule waya wa nje wa kebo ndio pia nusu ya muziki, mvumo unaimba pamoja na ustadhi.

Jaribio ni la sekunde mbili: chomoa chaja ya laptopu. Mvumo umekufa? Basi chaja ndiyo mlango. Haujafa? Chomoa kebo ya sauti kwenye kompyuta, iache imechomekwa kwenye spika. Mvumo ukikata hapo, tatizo liko kati ya kompyuta na spika. Ukiendelea, ni kebo yenyewe au spika.

Dawa ya kwanza haina gharama: weka kila kitu, laptopu, monita, intafesi, kwenye eksteni moja inayotoka soketi moja. Watu huogopa kuwa watazidisha mzigo. HS5 moja ni wati 70. Eksteni ya ampia 13 inabeba wati zaidi ya 3,000. Mradi hukuchomeka pasi hapo, huna wasiwasi.

Dawa ya pili ni balansi, na ndiyo maana nasema intafesi si anasa. Duara linaweza kubaki pale pale, lakini mkondo wake haupiti tena ndani ya muziki. Ya tatu ni kale kaboksi ka transfoma kanakouzwa kukata duara, kanakochomekwa katikati ya kebo. Kanasaidia kwa laini ya hedfoni, ila ka bei ya chini sana kanakula besi. Kwa mtu wa taarab au singeli, hiyo besi ndiyo mkate.

Dawa ya nne, kukata pini ya ardhi kwenye plagi ya monita, utaambiwa na fundi fulani. Usifanye. Kweli mvumo utaisha. Lakini siku ndani ya spika waya ukigusa chuma, njia pekee ya umeme kufika ardhini itakuwa wewe. Na kuna chaja ambazo pini ya tatu ni plastiki tupu. Ukigusa laptopu ya chuma unahisi mtekenyo mkononi. Ukiuhisi mtekenyo huo kwenye kila kitu chumbani, tatizo si studio. Kuna nyumba za zamani mjini ambazo waya wa ardhi haujawahi kufika popote. Ita fundi wa stima kabla hujaita wa sauti.

Halafu kuna panka. Wengi wetu hatuwezi kukaa chumbani bila panka Februari, na zile regulata mpya za kuzungusha hukata stima vipande vipande ili kupunguza kasi. Mvumo wake si mmmm, ni zzzz wenye meno, na unabadilika ukizungusha regulata. Kwa Kibokoni nilipanda juu ya kiti, nikaiweka kwenye kasi ya mwisho, zzzz ikapungua, nikaizima, ikanyamaza. Laini ya balansi iliimaliza baadaye karibu yote. Kwenye maikrofoni hakuna balansi itakayokusaidia kwa upepo wa panka wenyewe, hapo ni kuzima na kutoa jasho.

Chumvi nayo. Pini zilizokaa miezi bila kuguswa huanza kukatakata, upande mmoja unakuja na kwenda. Kabla hujatupa kebo, izungushe ndani ya tundu mara kumi, au ifute kwa pamba yenye spiriti. Mara nyingi ilikuwa kutu tu.

Bluetooth na HDMI

Kwa kusikiliza Bluetooth ni sawa. Kwa kazi, hapana: kuchelewa kwake mara nyingi ni milisekunde 100 mpaka 200 na zaidi, unabonyeza kinanda leo unasikia kesho. HDMI inaishia kwenye televisheni, si kwenye monita za studio.

Sasa, nani achukue nini

Unasikiliza, unahariri video, unatengeneza biti bila maiki, na ukichomoa chaja kuna kimya: baki na tundu la laptopu na ile kebo ya kugawanyika, ya mita 2 isizidi 3. Pesa iliyobaki nunua vitu vya kuinua spika zifike masikioni. Tundu limeharibika: adapta. Una miksa ya USB yenye kitufe kile nilichotaja: itumie mpaka siku utakayotaka kila maiki kwenye njia yake.

Unarekodi sauti ya mtu, hata mmoja, hata mara moja kwa mwezi: intafesi, bila mjadala. Mvumo umekushinda kwa dawa ya eksteni: intafesi pia, hata kama hurekodi. Kati ya intafesi ya bei ndogo yenye jeki za balansi na ya bei kubwa yenye RCA, chukua ya kwanza. Na kama pesa inatosha ama intafesi nzuri na kebo mbovu, ama intafesi ya kawaida na kebo nzuri, mimi naenda na ya kawaida.

Yoyote utakayochagua, kompyuta na intafesi huwashwa kwanza, monita mwisho. Kuzima, monita kwanza. Kinyume chake ni ule mshindo wa DUM, na siku moja utaondoka na twita, ile spika ndogo ya sauti nyembamba. Stima ikikatika, zima monita pale pale gizani, kabla haijarudi.

Mtoto wa ndugu yangu alikaa na kebo ya kugawanyika miezi miwili, akirekodi kwa laptopu isiyo na chaja mpaka betri inapokata. Kisha akapata intafesi ya mkono wa pili kwa jamaa wa Likoni. Tulipoichomeka akacheza ile qaswida tena. Ustadhi akasimama katikati ya ukuta, pale ambapo hakuna spika. "Ami, kumbe alikuwa anakohoa hapa," akasema, akaanza kutafuta sekunde yenyewe akifute.

Kebo alinunua za mita 1.5. Ya kushoto ilifika, ya kulia ilibaki inaning'inia shubiri moja kutoka kwenye spika, ikabidi meza isogezwe. Pima kwanza, kwa kamba, ukipitia nyuma ya meza, si hewani.